El Niño Ikitangazwa, Mbegu Ikae Ghalani Kwanza

Ndugu mkulima, El Niño ikitajwa tu redioni, majembe yanakimbilia shambani. Watu wanapanda shamba zima, mbolea juu, kwa manyunyu ya siku moja. Jua likiwaka wiki mbili, mche uliochomoza unakauka na ambao haukuchomoza unaoza. Hasara hii inajirudia kila tangazo linapotoka, nami nimechoka kuiona.

El Niño ni habari ya bahari. Maji ya juu ya Pasifiki, katikati na mashariki kando ya ikweta, yanapata joto kuliko wastani, na upepo unaovuma kuelekea magharibi unalegea. Marekani huanza kuihesabu joto likizidi wastani kwa nyuzi 0.5, Australia nyuzi 0.8. Mwaka 2023 Marekani walitangaza Juni, Australia wakangoja hadi Septemba, na bahari ni ile ile. Sasa wewe unapanda kwa tangazo la nani?

Tena bahari si moja. Mwaka 1997 Afrika Mashariki ilipata mafuriko kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi nao ulikuwa na joto. El Niño ya 2015 ilikuwa kubwa vilevile, lakini mvua za Afrika Mashariki hazikufika zile za 1997, na kusini mwa Afrika kukawa na ukame mkali. Mwishoni mwa 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia. Bahari ya Hindi peke yake ikaleta mafuriko.

Kwa hiyo, ukipewa utabiri, tazama kwanza tarehe uliyotolewa. Wa Machi hadi Mei unaoizungumzia Desemba ni dhaifu, kwani kipindi hicho Pasifiki huwa inageuka. Wa Agosti au Septemba una uzito zaidi. Na wale wanaohesabu "kila baada ya miaka mitano" waache: El Niño hurudi baada ya miaka 2 hadi 7, haifuati kalenda ya mtu. Mizunguko ya Pasifiki inayochukua miongo miwili, mitatu ipo kweli, ila haikupangii wiki ya kupanda.

Anayewaumiza hasa wapandaji wa haraka ni mwingine: wimbi la mawingu na mvua linalotembea kuelekea mashariki kandokando ya ikweta, likizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Likipita juu yenu, mvua inamwagika hata kabla ya msimu. Likishapita, anga linafunga, nanyi mmeshapanda!

Basi pima. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Lifunge kwenye nguzo fupi mahali pa wazi, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya kimo chake. Soma kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga. Usisome jioni leo na asubuhi kesho, hapo hujapima kitu. Panda zikijumlika milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3 mfululizo, na ukichimba udongo uwe na unyevu hadi sentimita 15. Nasema milimita; "ilinyesha sana" si kipimo. Udongo ukilowa juu na chini ni vumbi, rudi nyumbani.

Utabiri ukisema asilimia 45 mvua itazidi wastani, maana yake asilimia 55 haitazidi. Usimalize mbegu yote siku moja. Bakiza theluthi kwa kupanda mara ya pili. Mche ukitoka sawasawa shamba zima, umepatia.

Taarifa za Pasifiki hutolewa upya kila mwezi. Ya mwezi uliopita usiitumie.