Mita mbili zinapogombana: kutafuta ampea za kila fezi

Wakuu, kwema? Juzi niliitwa kwenye mashine ya kusaga. Mwenye jengo analia: LUKU inakula karibu uniti 15 kwa saa, lakini mita ndogo aliyomfungia mpangaji inasoma 5 tu. Mpangaji kimya. Hata mimi ningenyamaza.

Hatua ya 1. Mota iwe inasaga. Ikizunguka tupu pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) inaporomoka na hesabu itakudanganya. Andika salio la LUKU, ngoja saa nzima. Nilianza na 212.4, nikakuta 197.5. Zimeliwa 14.9, yaani wastani wa kilowati 14.9.

Hatua ya 2. Kwenye mita ndogo bonyeza kitufe upitie fezi mojamoja, usiishie kwenye jumla:

Nyekundu: volti 231, kW 5.0
Njano: volti 229, kW 4.9
Buluu: volti 230, kW −4.9

Pawa fakta 0.85 zote. Ile alama ya kutoa, kabla sijafuta unga kwenye kioo, sikuiona.

Hatua ya 3. Gawanya wati kwa volti mara pawa fakta, alama ya kutoa iweke pembeni. Nyekundu: 5,000 ÷ (231 × 0.85) = ampea 25.5. Njano 25.2, buluu 25.1.

Hatua ya 4. Linganisha na LUKU (1.732 ni kipeuo cha pili cha 3, 400 ni volti kati ya fezi na fezi): 14,900 ÷ (1.732 × 400 × 0.85) = ampea 25.3. Klampu mita, ile ya kubana waya kupima ampea, nayo ilisoma 25 kote. Kwa hiyo mota haina neno, CT ya buluu (koili inayozunguka waya wa fezi na kuipa mita kipimo cha mkondo) ndiyo imefungwa kinyume. 5.0 + 4.9 − 4.9 = 5.0, buluu inafuta njano. Nilizima mein swichi, nikabadilisha nafasi za nyaya za S1 na S2, ncha mbili za CT zinazokwenda kwenye mita.

Maswali

*Mkuu, mimi nilichukua jumla ya mita ndogo nikaiingiza kwenye fomula ya hatua ya 4, nikapata ampea 8.5. Nimekosea wapi?*
Hujakosea kugawanya, fundi. Umeiamini jumla ambayo tayari ni mbovu.

*Kwangu njano inasoma kW 0, volti ipo, mota inavuta kawaida.*
Huenda waya wa CT umechomoka au umelegea. Usiuguse waya huo wakati mota inafanya kazi! CT iliyo wazi huku mkondo unapita hutoa volti za kuua. Zima kwanza.

*Na kama kasoro iko kwenye LUKU yenyewe?*
Hapo kuna lakiri, bosi. Piga simu TANESCO.