Jinsi ya kuona fuwele za chokaa zikibadilika majini

Chukua kalsiamu kloridi na sodiamu kaboneti za maabara ya shule, kila moja iyeyushe kivyake kwenye maji ya betri (yale masafi jamani, siyo asidi!), alafu changanya huku unakoroga. Papo hapo inakuwa nyeupe kama tui, hiyo ndo chokaa yenyewe (kalsiamu kaboneti), ila chembe zake hapo bado hazijawa fuwele. Subiri dakika kadhaa, toa tone uliweke chini ya hadubini, ukuzaji wa mara 400, mara nyingi utaona vijimpira, hiyo ndo vateraiti, aina mojawapo ya fuwele za chokaa. Usimwage wala usikaushe, ukikausha mabadiliko yanasimama. Kesho yake cheki tena, vijimpira vinayeyuka taratibu na pembeni vinaota vijiboksi vilivyoegemea upande, kalsaiti hiyo, aina nyingine ya fuwele za chokaa, ndo imara zaidi. Ukichanganyia kwenye maji ya moto, kama 80°C hivi, unaweza kupata vijisindano vya aragonaiti, aina ya tatu, mi navipenda hivyo zaidi.