Unaishi Ujerumani na wikendi unashinda ndani? Chagua reli moja tu uimalize, mi nilianza na Harz

Kuna watu nawajua wana miaka minne mitano Ujerumani na ukiwauliza wameona nini watakutajia stesheni, kazini, supamaketi, na labda Berlin mara moja walipofuata pasipoti ubalozini, na siwalaumu hata kidogo kwa sababu wiki ikiisha mwili umechoka alafu ukiingia mtandaoni unakutana na orodha za sehemu mia za kutembelea mpaka unazima simu unalala. Mi nilitoka kwenye hiyo hali siku nilipoacha kutafuta "sehemu nzuri" nikachukua reli moja inayopita karibu na ninapokaa, nikajiwekea kwamba kila stesheni yenye mji wa kale au njia ya mlimani ntashuka, mpaka iishe. Reli moja, sio nchi nzima. Kwangu ilikuwa ile inayotoka Halle, inapita Halberstadt, Wernigerode na Ilsenburg mpaka Goslar, inaizunguka milima ya Harz kwa upande wa kaskazini, na ndo ntaitumia kuelekeza hapa ila utaratibu ni uleule popote ulipo.

Kwanza tiketi. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 Januari 2025, alafu 63 Januari 2026, na bado kwa mtu anayezurura hakuna inayoifikia kwa sababu ndani yake umepata treni zote za mkoa (RE, RB, S-Bahn), tramu na mabasi ya kawaida nchi nzima. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC, hazimo. Kwenye DB Navigator, app ya shirika la reli, weka chaguo la treni za mkoa tu, la sivyo itakupangia ICE na ukikaguliwa utalipa faini. Kumbuka pia ni ya kujiandikisha kila mwezi, kwa hiyo kama mwezi ujao huitaki unakatisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi huu, na ni ya mtu mmoja kwa jina lake so tembea na pasipoti au kadi ya ukaazi yenye picha. Kama mko wengi na mnatoka siku moja tu, angalieni tiketi ya siku ya jimbo mlilopo, mfano Bayern-Ticket wanapanda mpaka watu watano, ila siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi.

Sasa miji. Anza na Quedlinburg, unabadilisha treni Halberstadt. Iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994 na ina nyumba za Fachwerk zaidi ya 1,000, yaani zile nyumba za fremu ya boriti za mbao zinazoonekana kwa nje. Watu wengi wanapiga picha wanaondoka, na hapo ndo wanapopoteza, maana hizi nyumba zinasomeka kama karatasi ukishajua pa kutazama. Simama barabarani uangalie ile boriti ndefu ya kulala iliyobeba ghorofa ya pili, mara nyingi pale wamechonga mwaka, jina la mwenye nyumba na mkewe, wakati mwingine na la fundi seremala. Ukiona michongo ya nusu duara kama jua linachomoza au feni iliyofunguliwa, hiyo kwa maeneo haya ni karne ya 16. Ghorofa za juu zimetokeza mbele kuliko ya chini kwa hiyo kule juu chumba kinakuwa kikubwa bila kuiba barabara. Na sehemu iliyo kati ya boriti, kabla hawajaanza kujaza matofali, walikuwa wanasuka fito wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu. Fito na udongo! Siku nilipoona ukuta umeachwa wazi chini ya kioo ili watu waone ndani nilisimama pale muda mrefu sana, kwa sababu ni ufundi ninaoujua tangu utotoni, na huku umesimama miaka mia nne na watu wanalala ndani. Iko nyumba ya karne ya 14 mtaa wa Wordgasse ambayo ni makumbusho ya ujenzi huo, ingia.

Panda pia kilima cha kanisa la Stiftskirche, mfalme Heinrich wa kwanza alizikwa pale mwaka 936.

Kitu kingine, ukitembea miji hii tazama chini. Utakuta vibao vidogo vya shaba, sentimita 10 kwa 10, vimepandwa katikati ya mawe ya njia, vinaitwa Stolpersteine, na vingi vinaanza na "Hier wohnte", yaani hapa aliishi, alafu jina, mwaka wa kuzaliwa na kilichompata chini ya utawala wa Wanazi. Msanii Gunter Demnig alianza kuviweka miaka ya 1990. Mi huwa nasoma kila kimoja ninachokipita. Kuna watu walikuwa na mlango wao kabisa kwenye hiyo nyumba nzuri unayoipiga picha, na ziara ya mji wa kale ikiwaruka hao haijakamilika.

Mambo ya ratiba: Jumatatu makumbusho mengi yanafungwa, Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo maji na chakula nunua Jumamosi. Jumapili ya pili ya Septemba kuna Tag des offenen Denkmals, siku ambayo majengo ya kale mengi ambayo kwa kawaida hayafunguliwi yanafunguliwa bure, minara, nyumba za watu, karakana, na mara nyingi mafundi wenyewe au wenye nyumba ndo wanakutembeza. Hiyo usiikose, hata kama Kijerumani chako bado kinachechemea watakuelekeza kwa mikono.

Goslar iko mwisho wa reli na inataka siku nzima kwa sababu ya mgodi wa Rammelsberg, umechimbwa zaidi ya miaka 1,000 ukafungwa 1988, na miaka minne baadaye ukaingia UNESCO pamoja na mji. Unaingia chini na kiongozi, beba sweta hata Julai. Wernigerode ni nzuri ila imejaa watu, mi naipita asubuhi sana au jioni nikishuka mlimani.

Haya, mlima. Brocken ni mita 1,141, ndo mrefu kuliko yote Harz, na ukisikia hiyo namba utaudharau. Usiudharau. Kule juu ukungu unapatikana kama siku 300 kwa mwaka na mwezi Novemba 1984 walipima upepo wa kilomita 263 kwa saa. Mara yangu ya kwanza nilitoka Ilsenburg nimevaa fulana, jua kali, nikafika juu sioni mita kumi mbele na vidole vimekufa ganzi. Kadiria unapoteza nyuzijoto kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, alafu ongeza upepo. Kwa hiyo koti la kuzuia upepo na mvua, sweta, kofia na soksi za akiba vinakaa kwenye begi hata kama chini watu wanakula aiskrimu. Na viatu vyenye soli ya kung'ata, raba za mjini zinateleza kwenye mizizi na mawe yaliyolowa.

Muda usiukisie, upigie hesabu, na hesabu yenyewe ni hii inayotumika Ujerumani. Tambarare kilomita 4 kwa saa, kupanda mita 300 kwa saa, kushuka mita 500 kwa saa. Unapiga ya umbali peke yake na ya mwinuko peke yake, unachukua iliyo kubwa unaongeza nusu ya ile ndogo. Mfano Ilsenburg mpaka kileleni ni kilomita kama 12 na unapanda mita kama 900. Umbali ni saa 3, mwinuko ni saa 3, so 3 jumlisha saa moja na nusu ni saa nne na nusu, na hapo hujakaa chini hata mara moja. Muda ulioandikwa kwenye vibao vya njiani nao hauhesabu mapumziko. Ukishapata jumla, anza kutoka mwisho urudi nyuma, treni ya mwisho ni saa ngapi, kutakucha na kuchwa saa ngapi, ndo ujue unaamka saa ngapi. Nyepesi zaidi ni kupanda basi kutoka Bad Harzburg mpaka Torfhaus, pale tayari uko mita kama 800, alafu unafuata njia ya Goetheweg kama kilomita 8, imeitwa hivyo kwa sababu mwandishi Goethe aliupanda mlima huu Desemba 1777, ndani ya theluji.

Ipo pia treni ya mvuke inayofika mpaka juu kutokea Wernigerode. Deutschlandticket haiikubali na nauli yake sio ndogo, ila kwa mwenye wazazi au watoto ni jambo la kukumbukwa maisha, au panda kwa miguu ushuke nayo, magoti yatashukuru.

Ukiwa juu kumbuka unasimama mahali ambapo raia wa kawaida hawakuruhusiwa kukanyaga kwa miaka mingi, kilikuwa kilele cha mpakani upande wa Ujerumani Mashariki, kimezungushiwa ukuta, askari na mitambo ya kusikiliza mawasiliano, mpaka tarehe 3 Desemba 1989 watu walipopanda kwa maandamano wakadai geti lifunguliwe, likafunguliwa. Njia mojawapo ya kushuka bado ina yale mabamba ya zege yenye matundu waliyokuwa wanapita askari wa doria.

Njiani utaona misitu mikubwa ya miti mikavu ya kijivu, ukame wa kuanzia 2018 uliidhoofisha na wadudu wanaotoboa magome ya miti wakaimaliza. Kivuli kimepungua, beba maji ya kutosha, na usitoke nje ya njia, ni hifadhi ya taifa na miti mikavu inaanguka yenyewe. Kupiga kambi na kuwasha moto ni marufuku.

Ramani ipakue kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, mtandao mabondeni unakatika. Ukipata shida namba ni 112, na kama simu imekufa toa ishara, filimbi au tochi, mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia jibu la mara 3 kwa dakika ujue umesikika, baki hapohapo.

Wenye watoto, tafuteni kijitabu cha Harzer Wandernadel, kuna vituo 222 vyenye mihuri msituni, ukifikisha mihuri 8 unapata beji ya shaba. Wanangu hawajalalamika tena kuhusu umbali tangu tukipate.

Kama uko mbali na Harz, reli hazikosekani. Walio München wana ile ya Garmisch na Mittenwald, mji wa mafundi wa fidla na nyumba zilizochorwa kuta nzima. Walio Freiburg wana ile inayopanda mpaka Bärental chini ya Feldberg, mita 1,493. Walio Dresden wana treni ya S1 inayofuata mto Elbe, hiyo ndo nimeianza mwaka huu, Pirna nimeshashuka, Rathen nimevuka kwa kivuko nikapanda daraja la mawe la Bastei, inayofuata ni Königstein na ile ngome yake.