Jinsi ya Kufasiri Unabii wa Hukumu Dhidi ya Tiro (Ezekieli 26)

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha ufafanuzi, soma Ezekieli sura ya 26 hadi 28, zinazohusu Tiro, mji wa kale wa biashara katika pwani ya Lebanoni ya leo, kwa mkao mmoja, kisha uruke hadi 29:17-20. Mistari hiyo minne ya mwisho ndiyo wengi wanayoisahau, na bila hiyo ufasiri wako utayumba.

Anza na tarehe na shtaka. "Mwaka wa kumi na moja" katika 26:1 unahesabiwa tangu mfalme Yehoyakini apelekwe uhamishoni, mwaka 597 KK. Kwa hiyo tuko karibu na anguko la Yerusalemu. Shtaka liko mstari wa 2: Tiro inashangilia jirani yake Yerusalemu kuvunjika, ikiona hapo nafasi ya biashara. Liandike shtaka hilo kwa maneno yako mwenyewe, maana hukumu yote inalijibu.

Kisha chora ramani. Tiro ilikuwa na sehemu mbili: makazi ya bara, na mji wenyewe juu ya kisiwa cha mwamba. Jina lake kwa Kiebrania linahusiana na neno la mwamba, ndiyo maana nabii anatishia kuufanya jabali tupu la kuanikia nyavu. "Binti" wa mashambani katika mstari wa 6 na wa 8 ni vijiji vya bara.

Hatua inayofuata inataka utulivu: pigia mstari viambishi vya watendaji, yaani vipande vya mwanzo wa kitenzi vinavyoonyesha nani anatenda. Mstari wa 3 unataja mataifa mengi yanayokuja kama mawimbi, na wa 4 unaendelea na "wa-". Kuanzia wa 7 anaingia Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na kitenzi kinakuwa "ata-". Mstari wa 12 unarudi kwenye "wata-": watatupa mawe, miti na mavumbi majini. Wapo wanaosema wingi huo ni jeshi lake tu. Wengine wanaona wimbi jingine la maadui. Amua baada ya kupima historia.

Na historia ni hii. Nebukadreza aliuzingira mji miaka 13. Ezekieli mwenyewe anakiri katika 29:18 kwamba jeshi hilo halikupata ujira kutoka Tiro. Mwaka 332 KK Aleksanda Mkuu wa Makedonia alitumia vifusi vya mji wa bara kujenga njia ya kuvuka bahari, akakiteka kisiwa baada ya miezi saba.

Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza: kwa sababu 26:14 inasema "hutajengwa tena", wanatangaza kwamba Tiro haikujengwa tena kamwe. Lakini Paulo alikaa huko siku saba na wanafunzi (Matendo 21:3-4), na mji wa Sur nchini Lebanoni, yaani Tiro kwa jina la leo, una watu hadi leo. Usiufiche ugumu huo. Linganisha Isaya 23:15-18, inayosema Tiro itakumbukwa baada ya miaka 70, na Yeremia 18:7-8 kuhusu hukumu inayoweza kubadilishwa. Kwa maoni yetu, "hutajengwa tena" inahusu ukuu wa dola ile ya bahari, kwa lugha nzito ya maombolezo.

Habari za siku hizi zisubiri. Ukitaka kwenda mbele, nenda kwanza Ufunuo 18: weka orodha ya bidhaa za Ezekieli 27:12-24 kando ya ile ya Ufunuo 18:12-13, na utazame mahali ambapo wanadamu wametajwa miongoni mwa mizigo.