Jinsi ya Kununua Makoti ya Safari za Ncha za Dunia kwenye Mnada wa Serikali ya Marekani

Makoti mazito ya parka yanayoshonwa kwa ajili ya Antaktika, Alaska na kambi za jeshi za kaskazini hayatupwi jalalani yakishazeeka kazini au yakizidi stoo. Serikali ya Marekani huyauza kwa mnada wa mtandaoni, na mtu binafsi aliyetimiza miaka 18 anaweza kuweka dau. Dukani, koti jipya la daraja hilo linapita dola 1,000 bila shida. Mnadani bei inategemea nani mwingine ameliona.

Kinachowaponza wengi si dau. Ni kusahau kwamba mzigo unabaki pale pale ulipo mpaka wewe uufuate, na kwamba siku zinaanza kuhesabiwa mara tu unaposhinda. Kwa hiyo kila unapofungua tangazo, anza kusoma mahali mzigo ulipo. Picha na bei zisubiri.

Koti linafikaje mnadani

Idara ikiwa na mali isiyoihitaji, kwanza mali hiyo hutangaziwa idara nyingine za serikali kuu. Zikikataa, wakala wa mali za ziada wa kila jimbo huichukua kwa ajili ya shule, serikali za mitaa na mashirika yanayostahili. Kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwa umma na GSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia mali hizo, kupitia gsaauctions.gov.

Niongeze hapa jambo ambalo Waswahili wengi wa Marekani hawalijui: kama jumuiya yenu imesajiliwa rasmi kama shirika lisilo la faida na inaendesha shule au makazi ya wasio na nyumba, ulizeni kwanza kwa wakala wa jimbo lenu. Mnaweza kupata makoti kwa ada ndogo ya huduma bila kugombania mnadani. Sharti ni kwamba yatumike kwa kazi mliyoombea. Kuyafunga kwenye kontena na kuyapeleka nyumbani ni kuvunja masharti.

Jua unachotafuta

Kuna aina tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile nyekundu maarufu, "Big Red", ya mpango wa Marekani wa Antaktika. Hii imejaa manyoya laini ya bata na ni nzito kweli. Canada Goose, kampuni ya nguo za baridi ya Kanada, walibuni parka yao ya safari miaka ya 1980 kwa ajili ya wanasayansi wa kituo cha McMurdo huko Antaktika, na ndiyo iliyopewa jina hilo. Wanaokwenda huko hupewa nguo Christchurch, New Zealand, kabla ya kupanda ndege, na wakirudi huzirudisha. Ni za kuazima. Ndiyo maana hazionekani mnadani kila wiki, na mtu anayekuuliza mitandaoni kama unataka "Big Red mpya hamsini" mtilie shaka hapo hapo.

Ya pili ni N-3B ya jeshi la anga, muundo wa miaka ya 1950, yenye kofia inayofungwa mpaka ikabaki tundu dogo la kuchungulia. Ya tatu ni koti la tabaka la saba katika seti ya kisasa ya nguo za baridi za jeshi la nchi kavu. Limejaa nyuzi za viwandani badala ya manyoya, ni jepesi kuliko linavyoonekana, na likilowa halifi. Mimi ningemshauri mnunuzi wa kawaida alenge hili. Manyoya ya bata yakikaa miezi kadhaa kwenye stoo yenye unyevu hushikamana yakawa mabonge, na koti lenye mabonge halikukingi na kitu.

Wenye kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro, mniruhusu niseme hili mapema: parka ya ncha ya dunia imetengenezwa kwa mtu aliyesimama au aliyekaa kwenye barafu. Mpagazi anayepanda na mzigo ataivua ndani ya dakika kumi na itakuwa mzigo mwingine mgongoni. Inamfaa mpishi au mlinzi wa hema usiku kwenye kambi za juu za Barafu au Kibo Hut, na inamfaa mfanyakazi wa chumba cha kugandishia samaki.

Fungua akaunti

Andika anwani ya tovuti mwenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa. Lazima iishie na .gov. Serikali haiuzi makoti kwa WhatsApp wala haiombi "kishika nafasi". Jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi, kwa sababu risiti itatoka na jina hilo na mtunza stoo atalilinganisha na kitambulisho. Mwenye jina refu la watu watatu asilifupishe hapa.

Ukiwa Dar, Nairobi au Muscat, njia isiyo na maumivu ni kumwachia ndugu au rafiki unayemwamini anayeishi Marekani afungue akaunti kwa jina lake, ashinde kwa jina lake na alipe yeye. Kwa taratibu za mnada, mnunuzi ni yeye. Mapatano yenu yaandikeni pembeni.

Mali ya jeshi nyingi huuzwa kwingine, kwenye tovuti ya kampuni binafsi ya GovPlanet iliyo na mkataba na wizara ya ulinzi. Masharti na ada zake ni tofauti, na kwa baadhi ya vitu mnunuzi hujaza hati ya matumizi ya mwisho, fomu namba 1822 ya DLA, wakala wa vifaa wa wizara hiyo, kueleza mali inakwenda kwa nani na kufanya nini. Ukiambiwa uijaze, jaza ukweli.

Soma tangazo kama mkataba

Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "parka", kisha "cold weather", kisha namba 8415, ambayo ni kundi la nguo maalumu katika orodha ya bidhaa za serikali. Wanaoandika matangazo si wauza nguo. Wakati mwingine makoti mazuri yamefichwa ndani ya loti, yaani fungu linalouzwa kwa pamoja, inayoitwa "nguo mchanganyiko".

Chukua mfano huu wa kubuni. Tangazo linasema: loti moja, parka za baridi kali, takriban 40, saizi mbalimbali, hali 4, Port Hueneme, California. Hapo kuna mambo manne ya kusimama nayo.

"Loti moja" maana yake ni yote au hakuna. Huwezi kuchagua matano. "Takriban" maana yake zikiwa 37 usishangae. "Saizi mbalimbali" mara nyingi humaanisha saizi kubwa zilizobaki baada ya wengine kuchagua, kwa hiyo mpigie mtunza mali, ambaye namba yake iko kwenye tangazo, umwombe akuhesabie. Wengi wao ni wastaarabu ukiuliza swali fupi.

Hali 4 ni alama ya uzima wa mali. Namba 1 ni mpya au karibu na mpya, 4 inatumika kama ilivyo, 7 inataka matengenezo, X haifai tena kwa kazi yake ingawa thamani yake inazidi kidogo ile ya chakavu, na S ni chakavu. Koti la namba 7 linaweza kuwa limeharibika zipu tu, na fundi mzuri akalimaliza mchana mmoja. Linaweza pia kuwa limeungua begani. Ndiyo sababu tangazo hutaja siku za ukaguzi. Kama uko mbali, mtume mtu aende.

Akifika, afanye hivi: avute zipu mpaka juu na kuirudisha mara kadhaa, maana zipu ya parka ndiyo hufa kwanza. Aingize mkono ndani ya kofia na makwapani, kisha anuse. Harufu ya ukungu haitoki. Ashike kitambaa kwa vidole viwili mabegani na mgongoni akitafuta sehemu tupu ambako manyoya yamehama. Asome lebo ya ndani: mkataba, saizi, aina ya ujazo. Kama kofia ina manyoya ya mnyama, ajue ni mnyama gani. Ya koyote si tatizo kubwa, lakini ya mbwa mwitu wa kaskazini yako chini ya mkataba wa kimataifa wa wanyamapori, CITES, na huwezi kuyavusha mpaka bila kibali.

Weka dau

Kabla ya kubonyeza chochote, piga hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo: mteja wako atanunua koti moja kwa bei gani, toa ushuru, toa meli, toa lori la kutoka stoo, toa yale utakayoyatupa. Kilichobaki ukizidisha kwa idadi ndiyo dau lako la mwisho. Liandike kwenye karatasi.

Mfumo unakuruhusu kuweka dau la juu la siri, nao unakupandishia kidogo kidogo kila mwingine anapokupiku, usizidi kiwango chako. Litumie. Watu wanaopanda kwa mkono dakika za mwisho hulipa hasira zao. Tena minada mingi haifungwi palepale saa inapofika: dau likiingia mwishoni, muda husogezwa mbele mpaka pakae kimya.

Saa zinazotajwa ni za Marekani ya kati, yaani za Chicago. Mnada unaofungwa saa kumi na moja jioni kule, kwetu Afrika Mashariki ni saa saba usiku majira yao ya joto na saa nane usiku majira ya baridi. Weka kengele.

Dau likishawekwa ni ahadi. Ukishinda ukakimbia, utahesabiwa umevunja mkataba, utadaiwa fidia na akaunti yako inaweza kufungwa.

Lipa, kisha kachukue

Ukishinda unapata barua pepe ya ushindi. Kutoka hapo una siku 2 za kazi za kulipa na siku 10 za kazi za kuondoa mzigo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi. Malipo kwa kadi hupita Pay.gov. Malipo yakikamilika unaletewa risiti ambayo pia ndiyo ruhusa ya kutolewa mali. Ichapishe kwenye karatasi, usitegemee simu.

GSA haifungi mzigo wala haisafirishi. Mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Ukimtuma dereva au wakala wa mizigo, mpe risiti pamoja na barua fupi kwa Kiingereza, yenye namba ya mnada na ya loti, jina lako kamili, jina la anayechukua kama lilivyo kwenye leseni yake, sentensi moja kwamba umemruhusu, sahihi na tarehe. Piga simu kuomba miadi, na uulize swali ambalo wengi hulisahau: je, pale kuna foko (forklift) ya kupakia na mtu wa kuiendesha? Stoo nyingine zinakuonyesha paleti kisha zinakuacha nayo.

Fungua mzigo mbele ya kamera kabla hujafua hata koti moja. Kama ulichopewa sicho kilichoandikwa, mwandikie ofisa wa mauzo aliyetajwa kwenye tangazo ndani ya muda uliowekwa na masharti, na usiguse mali mpaka akujibu. Ukishinda dai, kinachorudi ni bei ya ununuzi. Nauli ya lori ni yako.

Kama yanakwenda nyumbani

Makoti yenye dalili za kuvaliwa yaliyofungwa kwa wingi kwenye marobota au magunia huingia kichwa cha ushuru 63.09, yaani mitumba, na kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hukadiriwa kwa asilimia ya thamani au kwa kilo, chochote kilicho juu. Makoti mapya yana kichwa chake kingine. Hesabu ya kilo ndiyo inayouma kwa parka: Rwanda ilipandisha kiwango cha mitumba hadi dola 2.50 kwa kilo mwaka 2016, na koti la kilo tatu kwa kiwango hicho linadaiwa dola 7.50 kabla halijafika sokoni. Mpelekee wakala wako wa forodha picha, uzito na nakala ya risiti wakati mzigo ungali Marekani, akupe makadirio kwa maandishi, ndipo ulipie nafasi kwenye kontena.