Somo: tochi, kivuli na swali la mtoto mwenyewe

Walimu wa awali, hili ni la watoto wa miaka minne hadi sita. Vifaa andaa wewe. Swali waachie wao.

Hatua ya 1: Punguza mwanga chumbani, ila lisiwe giza totoro, wengine wataogopa. Tundika shuka jeupe ukutani, kisha weka tochi na vitu mchanganyiko: kitana, chujio, karatasi nyekundu, plastiki nyekundu inayopitisha mwanga. Tochi zenye vibetri bapa vya duara ziepuke kabisa. Mtoto akimeza kibetri, kinaweza kumuunguza koo.

Hatua ya 2: Nyamaza. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Usitangaze "leo tunajifunza vivuli". Wamulikane, wacheke, wagombee tochi kidogo.

Hatua ya 3: Subiri swali lizuke. Mara nyingi huwa la ukubwa: mtoto anasogeza kitana karibu na tochi, meno yake yanajaa ukuta mzima, akikipeleka karibu na shuka, kivuli kinanywea. Usimweleze sababu. Muulize, "Ukitaka kiwe kikubwa zaidi utafanyaje?" Akikisia kinyume, mwache ajaribu hicho hicho alichokisia, na umpe muda wa kushangaa.

Hatua ya 4: Wanaotaka wachore walichokiona. Asiyetaka asilazimishwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtoto anashikilia kuwa karatasi nyekundu itatoa kivuli chekundu. Nimsahihishe?
Usimsahihishe, mpe tochi. Akishaona cheusi, mpe ile plastiki nyekundu. Wekundu utatokea ukutani na ubishi utaanza upya. Mimi hapo hukaa kimya kabisa, maana wanaanza kuelezana wenyewe kwa wenyewe.

Darasa limejaa na tochi ni moja. Nifanyeje?
Watoe nje kwenye jua. Asubuhi wafuatishe kivuli cha mwenzao kwa chaki, adhuhuri asimame pale pale. Kabla hajasimama, kila mmoja aonyeshe kwa kidole anapodhani kivuli kitafika. Waonye wasilitazame jua lenyewe.

Mmoja hataki kabisa, yuko pembeni anajenga matofali ya kuchezea.
Mwache, kukataa nako ni uamuzi wake. Weka tochi karibu na mnara wake, uondoke. Asipoigusa, basi.