Kabla ya kulima ukingo wa mto, geuza mawe yake

Mafunzo mengi ya mazingira huishia kwenye bango: "Tutunze vyanzo vya maji." Mkulima analisoma, anakubali, na msimu ukifika analima hadi majini, kwa sababu bango halijamwonyesha kinachoharibika. Mto wenyewe utamwonyesha. Kinachohitajika ni beseni jeupe, chujio la chai, mabuti ya mpira na asubuhi moja maji yakiwa yametulia.

Tafuta sehemu yenye mawe, maji yanapita kwa kasi kidogo na hayafiki magotini. Tega chujio upande maji yanakoelekea, nyanyua jiwe, kisha lisugue kwa vidole ndani ya beseni lenye maji ya mto. Tulia kidogo. Vile ulivyodhani ni takataka vitaanza kutembea. Utaona kidudu bapa, mara nyingi chenye mikia mitatu, na ubavuni kina matamvua membamba yanayopepea bila kukoma. Huyo hukulia majini, na akishaota mabawa huishi muda mfupi tu, pengine siku moja. Mwingine atakuchekesha: kijiti kinachotambaa. Ukichungulia ndani utakuta lava, yaani mdudu mchanga, aliyejijengea nyumba ya vipande vya majani au chembe za mchanga, amevigandisha kwa uzi anaoutoa mwenyewe.

Wawili hao hutegemea hewa ya oksijeni iliyomo majini, na tope likizidi huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Wakiwapo wengi na wa aina mbalimbali, mto unapumua. Ukikuta ruba na vijidudu vyekundu kama nyuzi peke yao, pana shida. Wekundu wao unatokana na kemikali kama ile iliyo katika damu yetu, ambayo hunasa oksijeni hata ikiwa haba, ndiyo maana wanadumu kwenye tope ambalo wenzao wamelikimbia. Kumwona mmoja si neno. Kuwaona wao tu, hapo tafuta sababu.

Afrika Kusini utaratibu huu umewekwa katika kipimo kiitwacho miniSASS, ambacho hata wanafunzi hukitumia kutoa alama kwa mto kulingana na makundi ya wadudu waliopatikana. Kwa mkulima, nadhani alama si muhimu kama kulinganisha: pima mtoni maji yanakotoka kabla ya kufika shambani kwako, kisha pima yakishalipita, mahali panapofanana kwa mawe na kasi ya maji. Ila usichanganye mambo. Wadudu hawa hawakuambii kama maji yana vimelea vya kuhara, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe hata beseni likijaa vijiti vinavyotembea.

Tofauti ikionekana, rudi shambani. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 10,000. Ya milimita 30 ni lita 300,000, na zote lazima ziende mahali. Udongo uliofunikwa kwa matandazo hunywa sehemu kubwa. Udongo ulio wazi hupigwa na matone, chembe laini huziba vitundu vya juu, na maji huanza kukimbia. Yale maji ya rangi ya chai yamebeba fosforasi iliyoshikamana na udongo, yaani mbolea uliyoilipia. Ikifika mtoni au bwawani hulisha mwani, ule utando wa kijani wa majini. Mwani ukifa, vijidudu vinavyouozesha humaliza oksijeni, na hali huwa mbaya zaidi alfajiri kwa kuwa usiku mimea haitoi hewa hiyo. Samaki wakitwetea juu ya maji kunapopambazuka, sababu inaweza kuwa hiyo.

Dawa inayopendekezwa ni kuacha ukanda wa nyasi na miti kando ya mto. Ni sahihi, lakini wengi huuacha ukanda wakadhani kazi imekwisha. Nyasi huchuja maji yanayoingia yametandaa. Yakija yamekusanyika kwenye mfereji mmoja, hupita katikati yake kama hazipo. Toka na mwavuli wakati mvua inanyesha, uangalie yanapoingilia. Mara nyingi utakuta ni njia ya ng'ombe wanaposhuka kunywa, au mwisho wa matuta yaliyolimwa kuelekea mteremko. Hapo ongeza upana wa ukanda, weka vizuizi vya mawe huko juu kwenye mfereji, na matuta yafuate kontua, yaani mistari inayopita mahali penye kimo kimoja, ambazo unaweza kuzipima kwa fremu ya A ya miti mitatu na kamba yenye jiwe. Mifugo ipelekewe maji kwenye hori lililo mbali na ukingo. Mteremko ukiwa mkali, ukanda uwe mpana zaidi. Sheria za nchi nyingi zina kiwango cha chini, na afisa ugani wako anakijua.

Ndani ya ukanda, pendelea nyasi zinazoota kwa kushikana na miti ya asili. Mikaratusi isisogee kwenye chemchemi, hunywa sana. Usiuchome moto hata ukionekana pori: vyura, mijusi na ndege walao wadudu hujificha humo, na wengi wao hutafuta chakula shambani kwako. Bundi akiweka makao kwenye mti mkubwa hapo, mwache. Anakula panya.

Bomba la kupulizia dawa lisioshwe mtoni. Viuatilifu vya kundi la pairethroidi huua samaki na wadudu wa majini hata vikiwa kidogo sana. Suuza bomba mara tatu shambani, na maji hayo yapulizie kwenye zao lilelile.

Panda ukanda mwanzoni mwa mvua za kawaida, nyasi zipate mizizi kabla mafuriko hayajafika. Rudia kugeuza mawe kila kiangazi, mahali palepale, na uandike ulichokikuta. Tope likiwa linaanzia juu ya shamba lako, mwite jirani wa huko mgeuze mawe pamoja, kwani ukanda wako hauwezi kuchuja kilichokwisha kuingia mtoni.